Bwana Saa Tano

Kaeni, ndugu zangu, kaeni. Walio mlangoni sogeeni ndani, benchi za mbele hazijawahi kumuuma mtu. Padre leo yuko kigango cha pili, kwa hiyo mtanivumilia mimi katekista wenu. Sikusoma seminari, mnajua. Mahubiri ya vitabuni sina. Nina mfano, na ni mfano tu, kwa hiyo naomba sana msianze kutazamana na kunong'ona kwamba katekista anamsema fulani. Simsemi mtu. Nikimaliza, kila mmoja atajijua mwenyewe.

Kulikuwa na mzee mmoja, askari mstaafu. Alipigana vita vya mpakani ujana wake, akarudi nyumbani na kovu begani na koti moja la sherehe. Koti lile mkewe alilitunza sandukuni pamoja na dawa ya nondo. Na upande wa kushoto, juu ya mfuko, kwa ndani, mama yule alikuwa ameshonea kipande cha kitambaa kigumu. Cha nini? Nishani zikija, zisije zikachana koti. Alikishona mwaka ule ule mumewe aliporudi kutoka vitani. Miaka arobaini na kitu kitambaa kinasubiri, nishani hazionekani.

Kila Siku ya Mashujaa mzee anavaa koti lake, anateremka wilayani, anapanga mstari na wenzake. Wenzake vifua vinameta, wakipiga hatua vyuma vinagongana, ngli, ngli, ngli. Yeye kifua kitupu. Mgeni rasmi anapita akiwapa mkono mmoja mmoja. Akimfikia yeye, macho yanashuka kifuani, hayaoni kitu, yanahamia kwa wa pili. Mkono bado ameushika, lakini macho yameshakwenda. Ndugu zangu, mmewahi kupitwa na macho ya namna hiyo? Basi mnajua yanavyouma.

Mzee huyu hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa, anasimama. Akisimama, anakwenda mlangoni. Akifika mlangoni, amesahau alikuwa anakwenda wapi. Nishani ile ilikuwa imemkaa rohoni. Aliandika barua, hakujibiwa. Akaandika nyingine. Mtendaji wa kijiji alimgongea mihuri mpaka akawa akimwona kwa mbali anatoa kidau cha wino mwenyewe bila kuombwa.

Sasa, katika kijiji kile alikuwepo mzee mwingine aliyekwenda vita ile ile, na huyu Siku ya Mashujaa hakanyagi wilayani kabisa. Huyo walimwita Bwana Saa Tano. Lazima niwaambie jina hilo lilitoka wapi, maana bila hilo mfano wangu hautembei.

Hawa wawili walipanda lori moja kwenda vitani. Platuni moja, mahandaki yao yamekaribiana, ukinyoosha mkono unamgusa mwenzako. Siku moja wakapigana kwenye mto, mapigano makali. Risasi ya kwanza ililia saa nne asubuhi. Ilipofika saa tano, huyu mzee wetu risasi zikamwishia. Akageuka aombe kwa mwenzake. Lo! Handaki tupu. Mtu hayupo! Alichanganyikiwa, nusura aruke akimbie na yeye. Baadaye maboksi mawili ya risasi yakaja yakipitishwa mkono kwa mkono, wakajaza bunduki, wakapona. Yametoka wapi, nani aliuliza? Siku ile hapakuwa na nafasi ya kuuliza.

Vita vilipokwisha, wakubwa wakafanya uchunguzi. Wakamuuliza yule wa handaki tupu, "Saa tano ulikuwa wapi?" Akasema, "Afande alinituma nikafuate risasi." Afande mwenyewe alikufa siku ile ile. Wakubwa wakafungua daftari la zamu. Ni kweli imeandikwa, ametumwa risasi, lakini wao wakasoma kwamba alitumwa alfajiri na akarudi alfajiri ile ile, kabla vita haijaanza. "Sasa saa tano ulikuwa wapi?" Akarudia, "Nilitumwa." Wakamwita mzee wetu atoe ushahidi. Akasimama wima, akapiga saluti, akasema, "Saa tano handaki lilikuwa tupu. Nimeona kwa macho yangu." Alidanganya? Hapana. Aliliona kweli. Wakamwandika mwenzake mtoro kwa wino mwekundu, wakamrudisha nyumbani bila hata kumpa mkono.

Ingeishia hapo, nisingekuwa na mfano. Waliporudi kijijini, mzee wetu alikuwa fundi wa kusimulia. Kilabuni, watu na vikombe vyao vya ulanzi, anasimama katikati anaonyesha. "Saa tano! Nageuka hivi," anageuza shingo, "mtu hayupo!" Watu wanacheka mpaka wanamwaga pombe. "Hebu rudia!" Anarudia. Alirudia mwaka huo, akarudia na mwaka wa pili. Na mwenzake anakaa pale pale kwenye kona na kikombe chake, mpaka siku moja akaacha kuja.

Basi akawa Bwana Saa Tano. Mkewe, Mama Saa Tano. Shuleni, kengele ya uji ilikuwa inagongwa saa tano. Ikilia tu, darasa zima linageuka kuwatazama watoto wake. Kila siku ya Mungu! Binti yake mmoja aliacha shule kwa kuchoka kutazamwa. Mnacheka? Nawaona mnaocheka. Hata mimi ningekuwepo ningecheka, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Turudi kwa mzee wetu na barua zake. Siku moja jibu likaja, bahasha ya kaki, muhuri wa serikali. Akaifungua pale pale kwa mtendaji. Imeandikwa hivi: kumbukumbu zinaonyesha kwamba siku ya mapigano ya mtoni uliondoka kituoni saa nne asubuhi, mapigano yalipoanza, hivyo hukustahili nishani.

Damu ilimchemka. Yeye, aliyekaa handakini tangu risasi ya kwanza hadi ya mwisho! Yeye aliyembeba afande mabegani saa kumi jioni, vita imeshatulia, afande akamfia njiani! Leo anaambiwa alikimbia saa nne, yeye ambaye wakubwa walimchukua shahidi wa saa tano? Akafika nyumbani anahema. Mkewe akavaa miwani, akaisoma barua mara mbili, polepole, akaikunja.

"Kwa hiyo na wewe ni Saa Nne," akasema.

"Mama nanii, usirudie neno hilo! Usilirudie ndani ya nyumba hii!"

"Mimi nimesoma tu walichoandika."

"Wamekosea! Mtu anaandikwa uongo, hakuna hata mmoja wa kumsikiliza! Wanajua mimi nimeishi vipi? Wanajua uchungu wa mtu kuitwa mtoro na hakutoroka?"

Mkewe akamtazama. Alimtazama muda mrefu, kisha akaenda kuchochea moto wake jikoni. Mzee hakuelewa alichotazamiwa. Ninyi mmeelewa? Ahaa. La jirani ni rahisi kulielewa, sivyo?

Barua ile akaificha ndani ya kitabu cha nyimbo, katikati ya nyimbo za Kwaresima, mahali ambapo mtu hafungui hovyo. Tangu siku hiyo hofu mpya ikamwingia. Zamani alitaka nishani tu. Sasa aliogopa kijiji kisije kikajua. Akiona watu wawili wamesimama njiani wanacheka, anadhani wanasema, yule pale, Saa Nne. Chakula hakipandi. Mwisho akasema liwalo na liwe, akafunga mkoba, akapanda basi mpaka huko mjini kwenye ofisi ya kumbukumbu.

Masjala alimkuta dada mmoja mwenye miwani, mpole lakini hana haraka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja mnitoe kwenye uongo."

Dada akacheka kidogo, akamkalisha. Akaingia ndani, akakaa huko mpaka mzee akaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Akatoka na daftari lenyewe la vita, limekuwa rangi ya chai. Akafunua, akapitisha kidole.

"Jina lako hili hapa. 'Ameondoka kituoni, S.10.' Saa kumi."

"Ehee! Saa kumi! Si ndiyo ninayosema siku zote?"

"Saa kumi ya jeshi, baba. Inahesabiwa kuanzia katikati ya usiku. Kwetu ni saa nne asubuhi."

"Mwanangu, saa ya jeshi usinifundishe, nimeipigia saluti miaka sita. Lakini aliyeandika hapo ni nani? Ni mwalimu wetu wa shule ya msingi! Vita vilimtoa darasani na chaki mkononi, akapewa ukarani wa kombania. Yule saa alikuwa anaisoma kama sote tunavyoisoma nyumbani. Kwake saa kumi ni saa kumi, jua linaelekea kuzama, mama anawaza mboga!"

 Dada akashuka na kidole mpaka chini ya ukurasa, akasoma kwa sauti, "'Ugali wa jioni umegawiwa, S.1.'" Akainua kichwa. "Saa moja ya jeshi ni saa saba usiku."

"Nani anagawa ugali wa jioni saa saba usiku?" mzee akasema.

Dada akaanza kucheka, akavua miwani akajifuta macho. "Baba, umeshinda! Miaka yote hii, na wala hapakuwa na uongo humu. Ameandika Kiswahili, wakasoma Kizungu."

Ndugu zangu, mzee yule alilia. Alilia pale masjala mbele ya watu, kamasi zinamtoka, hajali. Saa sita tu! Tofauti ya saa sita ilimla miaka arobaini. Akamshika dada mikono, akambariki yeye na watoto wake na wajukuu ambao hata hajawazaa.

Dada akasema, "Ngoja kwanza, baba. Kama ni hivyo, ukurasa mzima inabidi usomwe upya." Na kidole kikashuka mstari mmoja tu chini ya jina la mzee. "'Kapinga, Tasilo. Ametumwa na kamanda kufuata risasi, ameondoka S.5. Amerudi na maboksi mawili, S.6.' Maskini, huyu naye. Walisoma alfajiri, kumbe ni saa tano mchana, vita imepamba moto. Wamemwandika mtoro hapa pembeni. Unamfahamu?"

 Kwanza jina lenyewe lilimpita mzee, hakuwa amelisikia miaka mingi. Halafu likamfikia. 

"Ni wa kijijini kwetu," akasema.

"Alaa! Basi umpelekee habari njema! Na fomu hii inataka shahidi aliyekuwepo siku hiyo. Kwa kumbukumbu zetu za sasa, waliobaki hai ni ninyi wawili tu."

Mzee akakohoa. Akavuta kiti karibu. Sikilizeni alichosema, maana hapa ndipo mtu alipo. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, haiwezekani ukasahihisha mstari wangu peke yake? Huo wa pili uuache tu. Mwenyewe hajaomba."

Dada akamtazama kama hakusikia vizuri. "Baba, ukurasa ni mmoja. Aliyeandika ni mmoja. Nikisoma saa yako Kiswahili na yake Kizungu, mimi nitakuwa karani wa nani?"

Akampa fomu, akampa na kalamu. Mzee kalamu akairudisha. Akaikunja fomu, akaaga.

Mnamwelewa mzee huyu? Msimhukumu haraka. Nishani iko mkononi, karibu kuliko ilivyowahi kuwa. Jina lake linatakata. Lakini likitakata la kwake, la mwenzake linatakata siku hiyo hiyo, na kijiji kizima kitauliza, aliyemwita mtoro nani? Aliyekuwa anageuza shingo kilabuni nani? Aliyekunywa pombe za bure kwa hadithi ile ni nani? Alikuwa amekwenda mjini kutafuta heshima, akarudi na karatasi ambayo akiijaza inampa nishani na aibu kwa pamoja.

Akarudi nyumbani, akaiweka fomu kwenye kitabu cha nyimbo, Kwaresima ile ile, karibu na barua. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Asubuhi anachukua jembe anapalilia mstari wa kahawa, jioni anaupalilia tena huo huo. Anatoka anakwenda mpaka kwenye ua wa Saa Tano, anashika mti wa ua, anageuka. Kesho yake hivyo hivyo. Mbwa wa Saa Tano alimzoea mpaka akaacha kumbwekea.

"Unakwenda wapi kila siku?" mkewe akamuuliza.

"Natembea. Daktari alisema nitembee."

"Daktari gani?"

Akachukua jembe akatoka. Basi siku moja mzee anaingia ndani anakuta sanduku liko wazi, koti liko magotini mwa mkewe, na mkewe ana wembe mkononi. Anakata nyuzi za kile kitambaa, moja baada ya nyingine.

"Unafanya nini, mama?"

"Fomu nimeiona kwenye Kwaresima. Nimeisoma, inataka shahidi wa siku ya mtoni, na mwingine kijijini ni nani? Nilikishona hiki nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikijua nimeolewa na askari. Kama mwanamume mwenyewe anaogopa kuvuka ua wa jirani, kitambaa hiki nitakitumia kushikia sufuria."

Mzee hakukaa hata dakika. Alichukua fomu, akatoka na kandambili zake za ndani.

Saa Tano alimkuta anaanika kahawa kwenye mikeka. Alikuwa amezeeka sana, mgongo umepinda. Hakushangaa. Alisema tu, "Leo umepita getini." Akaendelea kugeuza kahawa kwa viganja.

Mzee akasema yote akiwa amesimama. Daftari, mwalimu, saa kumi, ugali, saa tano. Alisema haraka haraka kama mtu anayetema kitu cha moto. Kisha akamnyooshea fomu. "Ninahitaji shahidi," akasema. "Ni wewe tu uliyebaki."

Saa Tano akafuta mikono kwenye suruali, akaishika karatasi mbali na macho, akaisoma. Akauliza, "Unataka nishuhudie saa gani? Ya kwako au ya kwangu?"

Mzee akainamisha macho kwenye mikeka.

"Yale maboksi mawili," Saa Tano akasema, "ulidhani yalitembea yenyewe? Nilitambaa nayo kwenye matope, moja nalivuta, moja nalisukuma. Nilipofika afande akanibakiza upande wa pili, kwa mzinga, mwenye mzinga alikuwa ameuawa. Nilikuambia. Ndani ya lori la kurudi nilikuambia. Ukacheka."

"Sikuamini."

"Hukutaka. Ile hadithi ilikuwa tamu." Akaitazama fomu tena. "Binti yangu alikuwa wa kwanza darasani, unajua? Wa kwanza."

Mzee akapiga magoti pale kwenye kahawa. Saa Tano hakumwinua. Mlitaka niwaambie alimkumbatia, eti? Hakumkumbatia. Aliomba kalamu, akatia sahihi polepole, mkono haukuzoea. Akasema, "Natia sahihi kwa sababu ni kweli, si kwa ajili yako. Sasa inuka, unaniharibia kahawa."

Ndugu zangu, makao makuu walichukua miezi minne tu. Ukurasa mzima ukasomwa upya, wino mwekundu ukafutwa kwa barua rasmi. Nishani zikaja za watu wawili. Siku ya Mashujaa iliyofuata, wote wawili wakateremka wilayani, kijiji kizima nyuma yao. Mzee wetu akaitwa wa kwanza, akavalishwa, na kitambaa kilikuwepo, mama alikishona upya. Halafu kipaza sauti kikaita jina la wa pili. Jina lake kamili, alilobatizwa nalo na la baba yake.

Hakuna aliyesimama.

Likaitwa tena. Watu wa kijijini kwake wakaanza kugeuza shingo, huku na huku, wakitafuta ni nani huyo. Mwenyewe alikaa ametulia, mikono magotini. Hata yeye lilimpita. Mzee wetu ndiye aliyemgusa bega. "Ni wewe," akamwambia. "Simama, ni wewe."

Jioni wakawa wanapanda mlima kurudi nyumbani, vifua vyote viwili vinameta. Watoto wakawakimbilia kwa furaha, watoto wazuri, wenye adabu, wakapiga kelele, "Shikamoo Babu Saa Tano!" Na yeye akaitikia, "Marahaba, wanangu." Aliitikia kwa upole, amezoea. Mzee wetu akawakemea, "Haitwi hivyo!" Watoto wakashangaa. "Sasa anaitwaje?" Akawaambia. Wakajaribu kulitamka, wakatazamana, wakakimbia zao. Kesho yake asubuhi walipita pale uani. "Shikamoo Babu Saa Tano!"

Mpaka leo mzee yule hatulii. Nishani anayo, imening'inia ukutani. Lakini anazunguka nyumba kwa nyumba, dukani, kilabuni kwenyewe, anasema, jamani, mwenzangu hakukimbia, jamani, mwenzangu ana jina. Watu wanamjibu, "Ndiyo mzee, tumesikia, Saa Tano hakukimbia."

Mfano wangu umefika mwisho. Sasa naomba niwaulize kitu kidogo.

Yule mzee anaitwa nani? Yule wa maboksi mawili. Nimemtaja humu, nimemtaja vizuri, jina na la baba yake, yule dada wa masjala alipolisoma. Nani analikumbuka? Mama uliye pale mbele? Mwenyekiti? Wanakwaya, ninyi mnaoshika nyimbo hamsini kwa kichwa? Mbona kimya? Na nikiwauliza Saa Tano ni nani, si kanisa zima lingenyoosha mkono?

Mmeona basi. Nimewasimulia nusu saa kwamba jina lile ni la dhuluma. Mmesikitika, mama mmoja nimemwona anajifuta na kanga. Na muda wote huo mmekuwa mnamwita Saa Tano vichwani mwenu, na mimi pia hapa mdomoni. Hata hilo jina lake la kweli, nimeliandika kwenye karatasi hii nisije nikalisahau.

Sisi ndio tulivyo. Saa zetu tunataka Mungu azisome Kiswahili, kwa huruma, kama mama anavyozisoma jikoni: nilichelewa kwa sababu mtoto aliumwa, nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Saa za jirani tunazisoma Kizungu, kavu kavu, hatuulizi aliyeandika alikuwa na maana gani. Tunapiga magoti hapa kila Jumapili, ee Bwana unisahihishie, nimeandikwa vibaya. Halafu tunavuta kiti karibu na kumnong'oneza, ule mstari wa chini yangu uuache tu, mwenyewe hajaomba.

Katika kigango hiki kuna akina Saa Tano. Wako humu humu. Kuna mmoja tunamwita kwa wizi alioshtakiwa bure akiwa kijana. Kuna mama tunamwita kwa ugonjwa wake. Tunatamka tukicheka, na wao wanaitikia marahaba kwa upole, tunadhani haiumi. Ofisi ya kusahihisha hilo haipo mjini wala haina fomu. Ni mdomo wako na miguu yako, na utazunguka sana, nawaambia ukweli, utazunguka kuliko ulivyochafua.

Jina la yule mzee sitalirudia. Mkitoka hapa mkaulizane njiani, nyumba kwa nyumba, mpaka mlipate. Atakayelikumbuka ajue kazi yake haijaisha, maana kuna na mwingine jirani yake ambaye jina lake la kweli yeye halijui.

Tusimame, tukiri imani yetu.